Machela, Moto na Blanketi: Jinsi Wasafiri wa Kale Walivyolala katika Baridi ya Songea



Aghalabu mtu akialikwa kusema juu ya mambo ya kale huchagua vita na majumbe, na watu hupenda kuyasikia hayo. Mimi jioni hii nimechagua jambo dogo zaidi. Nataka kuuliza swali ambalo katika vitabu vyetu vya historia hapana aliyejali kuliuliza: Wale watu waliotembea kwa miguu kati ya pwani na Ziwa la Nyasa, majuma kwa majuma, walilalaje usiku wa mwezi wa Juni na wa Julai? Walijifunika nini? Na ni nani kati yao aliyepata joto, na ni nani aliyeamka asubuhi amekauka kama kuni?

Ndugu zetu wa pwani huenda wakacheka, maana kwao neno baridi ni neno la kusifia maji ya mtungini. Lakini mtu wa Songea hacheki. Upepo wa kusi unapovuma tangu Mei hata Septemba, huko pwani huleta majahazi kwenda kaskazini. Huku kwetu bara ya kusini huleta ukungu, na manyunyu, na usiku mrefu. Katika nchi za juu, yaani Umatengo na Njombe, majani huweza kuonekana meupe asubuhi kwa jalidi. Lusewa iko chini kuliko mji wa Songea, katika nchi ya misitu ya miombo ambayo mito yake hushuka kwenda Ruvuma, na mgeni hudhani ya kuwa hapo atapata vuguvugu. Hupata mchana. Usiku ni habari nyingine. Mbingu za kiangazi hazina mawingu, hewa ni kavu, na joto lote ambalo ardhi ililikusanya mchana hupanda juu na kupotea. Tena hewa baridi ni nzito kuliko hewa yenye joto, nayo hutiririka kama maji, hukaa mabondeni. Ndiyo sababu msafiri aliyejua kazi yake hakulala ukingoni mwa kijito, ingawa maji yapo karibu. Alichota maji yake, akapanda mteremko kidogo, akalala huko. Walimu wa jiografia siku hizi huifundisha habari hii kwa picha ubaoni. Wapagazi waliijua kwa mifupa yao.

Wala mtu asidhani ya kuwa baridi haiui mpaka maji yawe mawe. Mwili wa mtu hutaka kukaa katika joto la digrii 37 hivi za Selsiasi. Ukishuka chini ya 35, mtu huanza kupotewa na akili, mikono yake haifungi fundo, na ulimi wake huwa mzito kama wa mlevi. Hewa ya digrii 10 yatosha kumfikisha mtu hapo, ikiwa amelowa, ana njaa, na upepo unampiga. Basi hayo matatu, maji, njaa na upepo, ndiyo yaliyokuwa maadui wa safari.

Njia ya zamani ya misafara katika pande hizi ilitoka Kilwa Kivinje, ikaingia bara kuelekea Ziwa la Nyasa, na tawi lake lilikwenda Mwembe, ng'ambo ya Ruvuma, mji wa Mataka, jumbe mkuu wa Wayao. Wayao walikuwa watu wa safari kupita kiasi. Kasisi Yohana Abdallah wa Unangu, aliyekuwa Myao mwenyewe, aliandika habari za kabila lake katika kitabu kilichochapwa mwaka wa 1919, na mtu akikisoma huona jinsi kijana aliyekaa nyumbani asiione pwani alivyohesabiwa si mtu kitu. Watu wa namna hiyo hawakuweza kusafiri pasipo elimu ya kulala nje.

Elimu yenyewe ilikuwa hivi. Msafara haukulala kundi moja kubwa, bali uligawanyika makundi madogo ya watu waliokula chungu kimoja, na kila kundi lilikuwa na moto wake. Mahali pazuri palikuwa kambi ya zamani, yenye vibanda vya matawi na nyasi vilivyoachwa na msafara uliotangulia. Kama havikuwapo, vilijengwa kwa saa moja. Migongo ya vibanda ilielekezwa upepo unakotoka. Kuni zilizopendwa hazikuwa kuni nyembamba zenye kuwaka kwa sifa, bali magogo makavu, ambayo vichwa vyake vilikutanishwa katikati. Usiku mtu aliyeamka kwenda haja alilisukuma gogo lake kidogo ndani kwa mguu, akalala tena. Hivyo moto uliishi hata alfajiri bila ya mtu mmoja kukesha. Watu walilala miguu yao ikielekea motoni. Wengine walijipaka mafuta mwilini, na hayo hayaleti joto, ila huzuia ngozi isipasuke kwa upepo.

Na chini je? Hapa ndipo ningependa msikilize zaidi, maana habari yote iliyobaki inategemea neno hili. Mpagazi mzoefu alianza kutengeneza malazi yake chini kabla hajafikiri ya juu. Alikata nyasi kavu, akazitandika unene wa shibiri au zaidi, akaweka mkeka au gome juu yake. Wazee wetu wa kusini kabla ya kuzoea vitambaa vya dukani walivaa nguo za magome ya miti, na gome la mti wa miombo likipondwa vizuri hutoa nguo nzito, ngumu kidogo, yenye kuzuia upepo. Ziliondoka zilipokuja kaniki na merikani. Merikani, kama jina lake lisemavyo, ililetwa na merikebu za Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoizuia huko tangu 1861 hata 1865, nguo za Bombay na Uingereza zikachukua nafasi yake. Nguo hiyo ilikuwa fedha, na vazi, na shuka, na mwishoni sanda. Lakini kwa baridi ni nguo duni. Ni nyembamba, na ikilowa umande hubandika mwilini na kukifukuza kile kidogo ambacho mtu anacho. Mimi naamini ya kuwa siku tuliyoliacha gome tukavaa merikani tulipata heshima, tukapoteza joto. Na hayo si mara ya kwanza wala ya mwisho kutupata.

Walikuwapo wengine katika njia hiyo ambao hawakuchagua pa kulala. Dr. Livingstone, alipopanda Ruvuma mwezi wa Juni 1866, aliona njiani maiti ya mwanamke aliyefungwa shingo katika mti. Watu walimweleza ya kuwa alishindwa kwenda pamoja na wenziwe katika msafara wa watumwa. Mtu aliyefungwa kongwa pamoja na wengine hawezi kujikunja, hawezi kugeuka upande wenye baridi, hawezi kwenda kuchota nyasi, hawezi kusukuma gogo. Tazama basi mwezi wenyewe: Juni. Wanaohesabu vifo vya njia ya Kilwa hutaja njaa, na ndui, na risasi. Ni haki kutaja na usiku.

Mwezi uliofuata, Julai 1866, Livingstone alifika Mwembe, naye Mataka akampa nyumba nzuri ya kukaa na chakula kingi. Mji huo uko juu milimani, na wakati ulikuwa ule ule wa baridi. Hapo ndipo alipoagana na askari wa Kihindi aliowaleta kutoka Bombay, waliokuwa wamekwisha kuchoka na safari na kumchosha yeye. Mwezi wa Agosti akaliona Ziwa la Nyasa. Katika watu waliomfuata alikuwamo kijana wa Kiyao, jina lake Chuma, aliyekuwa ametolewa utumwani mwaka wa 1861. Mkumbukeni huyu, nitamrudia.

Sasa nije kwenye machela. Neno hili tumelipata kwa Wareno, na Wareno walilisikia Uhindi. Lakini kitanda chenyewe cha kutundikwa, yaani kitambaa au wavu uliofungwa pande mbili ukaning'inia, kilikuwa na nyumbani kwake kwingine tena. Columbus alipofika visiwa vya Bahama mwaka wa 1492 aliwakuta wenyeji wamelala katika nyavu za pamba zilizofungwa nguzoni, na Wazungu wakaona ni jambo la akili, wakalichukua. Mabaharia wa Uingereza wakalala hivyo katika manowari kwa miaka mingi sana. Katika nchi yenye joto na wadudu na ardhi yenye maji, hapana kitanda bora. Hewa hupita chini, nyoka hapandi, na matope hayafiki.

Bali faida hiyo hiyo ndiyo hasara yake. Hewa ikipita chini huondoa joto la mgongo, usiku kucha, bila kuchoka. Mtu hujifunika blanketi mbili juu, akashangaa kwamba tumbo lina joto na mgongo u barafu. Ajifunike ya tatu, haimsaidii. Akijizungushia blanketi hata chini, uzito wake mwenyewe huibana. Na blanketi si moto. Blanketi haina joto lake. Kazi yake ni kushika hewa iliyotulia katikati ya nyuzi zake, na hewa hiyo iliyotulia ndiyo inayozuia joto la mwili lisitoroke. Blanketi iliyobanwa imekamuliwa hewa yake, imebaki kitambaa tu. Manyoya ya bata yanayotiwa katika mifuko ya kulalia ya Ulaya hufuata sheria hiyo hiyo: yakiwa yamefura hushinda kila kitu, yakilaliwa hayafai.

Wenyeji wa misitu ya Amerika ya Kusini walilijua shauri hili zamani, nao huweka moto mdogo karibu na kitanda cha wavu, au chini yake, na kuutunza usiku. Siku hizi watu wa Ulaya na Marekani wanaokwenda kulala misituni kwa kujifurahisha wakati wa baridi hutundika kwa nje, chini ya machela, kifuniko cha pili kisichobanwa na mwili. Husemwa kwamba ni uvumbuzi mpya. Nasi tuone kama ni mpya.

Hapa kwetu machela ilikuwa kitambaa kizito cha turubali au wavu, kimefungwa katika mti mrefu wa mwanzi au wa ubao mwepesi, juu yake pengine pazia la kuzuia jua. Watu wawili walichukua, au wanne, na wengine walikimbia kando wakipokezana. Katika Nyasa na nchi ya Wareno mzungu mmoja aliweza kuwa na kundi la watu kumi na wawili au zaidi kwa ajili ya mwili wake peke yake. Burton, alipopooza miguu mwaka wa 1858 katika safari ya Ziwa Tanganyika, alichukuliwa kwa machela. Wamisionari wengine waliitumia wakiwa na homa. Wengine waliitumia wakiwa wazima kabisa. Maofisa wa Serikali ya Kidachi na baadaye ya Kiingereza waliitumia pia. Sitaki kuwahukumu wagonjwa. Lakini itazameni picha yenyewe alfajiri ya mwezi wa Julai, katika njia ya Lusewa, nyasi ndefu zimelemewa na umande pande zote mbili. Mbele na nyuma watu wanakimbia nusu uchi, wamelowa hata kiunoni, lakini wanatoka jasho na miili yao inafuka moshi kama vyungu. Katikati bwana amejifunga blanketi na koti, hatembei, hatikisi hata mguu, na upepo unamchoma mgongo kwa chini. Yeye ndiye anayetetemeka. Hata hapo mambo ni sawa, waweza kusema. Subirini wafike kambini. Bwana hushuka, hupewa chai, huingia hemani. Wachukuzi husimama, jasho lao hupoa, upepo hulikausha, na kila tone likaukalo huchukua joto pamoja nalo. Saa hiyo moja, kabla kuni hazijapatikana, ilikuwa hatari kuliko usiku mzima. Mnyapara mwema aliwatanguliza watu wawili au watatu mbele wawashe moto kabla machela haijafika. Mnyapara mbaya alifikiri kwanza juu ya hema.

Basi nimrudie Chuma. Mwezi wa Aprili 1873 Livingstone, amekwisha kudhoofika kwa ugonjwa wa tumbo na kutoka damu, alikuwa katika nchi ya maji karibu na Ziwa la Bangweulu, ambayo siku hizi ni Zambia. Hakuweza kutembea wala kukaa juu ya punda. Chuma na Susi na wenzao wakamtengenezea kitanda cha kumchukulia. Habari yake imeandikwa waziwazi katika kitabu cha siku zake za mwisho, kama walivyoieleza wao wenyewe walipofika Uingereza. Walikata miti miwili ya ubavuni, urefu wake futi saba. Wakaweka vijiti vya kukingama, urefu wake futi tatu, vikikaribiana. Wakafunga yote pamoja kwa nguvu. Juu ya vijiti wakatandika nyasi, na juu ya nyasi blanketi. Ndipo wakakitundika katika mti mrefu, watu wawili wakachukua. Blanketi nyingine wakaitupa juu ya mti ule ining'inie, impatie mgonjwa kivuli.

Wasikilizaji, zitazameni zile nyasi. Wangaliweza kumlaza katika turubali tu, akaning'inia kama mzigo, na kazi ingekuwa nyepesi. Wao walifanya kitanda kisichobonyea, wakaweka nyasi chini ya blanketi, ili mgongo usikutane na upepo wa kinamasi. Hapana aliyewafundisha hayo kitabuni. Ilikuwa elimu ile ile ya kambi ya Wayao na ya watu wa Zambezi, iliyohamishwa kutoka ardhini ikatundikwa katika mti. Na walipofika kwa Chitambo, walijenga kibanda, wakainua kitanda kwa vijiti na nyasi kutoka katika ardhi yenye unyevu, wakawasha moto mkubwa mbele ya mlango, na kijana Majwara akalala ndani amwangalie. Hapo ndipo Livingstone alipokufa mapema mwezi wa Mei. Hakufa kwa baridi. Walimlinda na kila kitu walichoweza kumlinda nacho, kisha wakauchukua mwili wake hata pwani, jambo linalojulikana na kila mtoto wa shule. Kitanda cha nyasi hakijulikani.

Chuma hakuacha safari. Mwaka wa 1875 alimwongoza Askofu Steere kutoka Lindi hata Mwembe kwa Mataka, na mwaka wa 1879 alikuwa mkuu wa msafara wa Thomson kwenda Nyasa na Tanganyika. Alikufa Unguja mwaka wa 1882. Ningependa kuona jina lake limeandikwa mahali fulani katika nchi ya Ruvuma, si kwa kuwa alimtumikia mzungu mashuhuri, ila kwa kuwa alijua kuwapeleka watu mamia ya maili na kuwarudisha wazima.

Watu wetu wengine walikwenda katika baridi kubwa zaidi. Mwini Amani wa Pangani alikaa na Hans Meyer na Purtscheller katika kambi yao ya juu, mita 4,300 hivi, walipoupanda mlima Kilimanjaro mwezi wa Oktoba 1889. Wao walipanda na kushuka, yeye akalinda kambi. Na Salim bin Abakari, mtu wa Ngazija, alifuatana na bwana wake Mdachi hata Urusi na Siberia mwaka wa 1896, akaiandika safari hiyo kwa Kiswahili. Ilichapwa pamoja na safari nyingine mwaka wa 1901. Kila mwalimu wa Kiswahili aitafute.

Turudi Songea, maana yako mambo mazito yaliyobaki. Vita vya Majimaji vilianza mwaka wa 1905, na katika nchi ya Wangoni vilimalizwa kwa namna mnayoijua: wakuu walinyongwa katika mji wa Songea mwezi wa Februari 1906, vijiji vikachomwa, ghala na mashamba yakaharibiwa. Watu waliosalia waliingia misituni. Njaa iliyofuata imeandikwa sana. Lakini fikirini majira yake. Baada ya Februari huja Machi na mvua, na baada ya mvua huja Juni. Mtu aliyefichama hawezi kuwasha moto mkubwa, kwa kuwa moshi mchana na mwanga usiku humwita askari. Hana nguo, maana nyumba imechomwa na yaliyomo. Hana chakula, na mwili usio na chakula hauna kuni zake za ndani. Yale matatu niliyoyataja mwanzo, maji, njaa na upepo, yote yamemkuta pamoja, na dawa yake moja, moto, imekatazwa. Hatuwezi kusema ni wangapi. Walizikwa na nyasi.

Miaka kumi haikupita sana, ikaja Vita Kuu. Majeshi ya Waingereza kutoka Nyasa na Rodesia, chini ya Jemadari Northey, yaliingia Songea mwezi wa Septemba 1916. Jeshi lile lilitembea kwa vichwa vya watu. Wachukuzi wa upande wa Nyasa waliitwa tengatenga. Wa kaskazini waliitwa kwa jina la Kiingereza ambalo limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Vifo vya wachukuzi wa upande wa Waingereza peke yake huhesabiwa kuwa karibu laki moja. Walio wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na tumbo la kuhara, na malaria, na kichomi.

Kichomi chataka maelezo. Ugonjwa huo huletwa na vijidudu, si na baridi yenyewe, na mtu aweza kuupata katika jua la Tanga. Lakini mwili uliochoka, wenye njaa, uliolowa na kutetemeka usiku kucha, hauna askari wa kuwapinga vijidudu hivyo. Wachukuzi walichukuliwa kutoka nchi za joto wakapelekwa milimani. Kila mtu alipewa blanketi moja, tena baada ya kukawia mara nyingi. Blanketi moja! Ukijifunika, huna cha kutandika. Ukitandika, huna cha kujifunika. Mpagazi wa zamani wa Kilwa alikuwa na nguo duni kuliko hiyo, lakini alikuwa na saa moja ya kukata nyasi na kujenga kibanda, alikuwa na moto wake na wenziwe wa chungu kimoja waliojuana. Mchukuzi wa vita alifika usiku, akalala alipoangukia, na mara nyingi moto ulikatazwa kwa kuogopa adui. Aliyempa blanketi alidhani ya kuwa amempa joto.

Wajerumani nao hawakusalimika. Von Lettow-Vorbeck, aliyevuka Ruvuma kuingia nchi ya Wareno mwezi wa Novemba 1917, alirudi kuuvuka tena mwishoni mwa Septemba 1918, akapita upande wa Songea kwenda Ubena. Katika nchi ile ya juu ya Mwembe ugonjwa wa mapafu ulikwisha kuwashika watu wake wengi, askari na wachukuzi, na wagonjwa walichukuliwa kwa machela mpaka hapakuwa na mabega ya kutosha. Wengine waliachwa Ubena, na Jemadari Wahle, mtu mzima sana, alikuwa mmoja wao. Mwezi wa Novemba vita vikaisha. Homa ya mafua ya mwaka ule, iliyokwenda dunia nzima, ikawapokea wachukuzi waliokuwa wakirudi makwao.

Vita hivyo vilifundisha jambo moja kwa madaktari. Majeruhi wengi walikufa njiani, si kwa jeraha tu bali na kwa kupoa juu ya machela ya turubali, na mwisho wake wachukuaji wa majeruhi walifundishwa kuzikunja blanketi kabla ya kumlaza mtu, ili mikunjo iwe mingi chini yake kama iliyo juu. Nyasi za Chuma zimerudi kwa jina jingine.

Barabara za motokaa ziliimaliza machela ya mabwana katika miaka ya 1920 na 1930, wala sijasikia mtu aliyeililia. Machela ya wagonjwa haikwisha. Katika vijiji vilivyo mbali na hospitali, Lusewa na kwingineko, ingali ikichukuliwa mabegani: kitanda cha kamba kilichofungwa katika mti, au blanketi imefungwa ncha mbili. Waendao usiku wa Julai na mama mwenye uchungu watandike kwanza nyasi kavu, au gunia lenye majani ya mgomba yaliyokauka, kisha ndipo wamlaze. Na wewe uliye nyumbani, unayelala katika kitanda cha kamba na kulalamika juu ya ubovu wa blanketi yako, toa moja juu uitandike chini ya mkeka, uone.

Neno la mwisho ni juu ya jiko la makaa. Wako watu ambao, wakiisha kusikia habari za moto chini ya kitanda, huingiza jiko chumbani na kufunga mlango na dirisha. Wahindi wa Amerika walilala chini ya makuti yenye kupitisha hewa, na wapagazi walilala nje. Katika chumba kilichofungwa makaa hutoa hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huingia katika damu na kuchukua nafasi ya ile tunayoishi kwayo, na aliyelala haamki. Kila majira ya baridi husikika nyumba moja au mbili katika nyanda za juu ambazo jirani alibisha hodi asubuhi asijibiwe. Jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata kama makaa yake yamebaki mekundu.